Magnolia si mbao moja: rangi, nyuzi na ile michirizi myeusi inayowatia mafundi wasiwasi

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi seremala, kazi nilijifunzia Tanga, sasa naishi Georgia, Marekani. Jirani yangu aliangusha mti mkubwa wa magnolia, ule wenye majani mazito yanayong'aa, akanipa magogo mawili yenye kipenyo cha sentimita 50 hivi. Moja nimelipasua. Kwa nje ni jeupe kama maziwa, lakini ndani ni kahawia yenye ukijani, na imepitiwa na michirizi myeusi inayokaribia zambarau. Mwenzangu anasema limeoza, nitupe. Rafiki mwingine wa Tennessee naye ana mbao anazoziita magnolia, ila zake ni laini, nyepesi, za kijani-manjano, hazifanani na zangu hata kidogo. Tena nimeona visu vya Kijapani vyenye ala ya magnolia ya rangi ya kijivu. Hii ni mbao moja au ni majina yanagongana? Ipi ina nyuzi nzuri? Nataka kuchonga marfaa ya msahafu kwa ajili ya mzee wangu, na baadaye mlango wa mbele wenye nakshi kama wa kwetu."

Marahaba, fundi. Magogo hayo usiyatupe, wala mtu asiyapasue kuni. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, hiyo michirizi si uozo. Ni rangi ya kawaida ya magnolia ya kusini mwa Marekani, na wapo mafundi wanaoitafuta mbao hiyo kwa ajili ya michirizi hiyo hiyo. Hata hivyo mwenzako hakukosea kuwa na shaka, maana uozo nao huleta rangi, na kwa macho matupu ni rahisi kuchanganya. Nitakueleza namna ya kuupima.

Kwanza tumalize suala la jina. Magnolia ni jenasi yenye spishi zaidi ya 200, zilizogawanyika pande mbili za dunia: Asia ya mashariki na kusini-mashariki, na mabara ya Amerika. Afrika haina hata moja ya asili, ndiyo maana hukulisikia jina hili karakana ya Tanga. Ndugu zake wa mbali unawajua vizuri lakini: mstafeli, mtopetope, mlangilangi na mkungumanga wote wamo katika oda moja, yaani kundi kubwa la jamii za mimea, na magnolia. Jina lenyewe lilitolewa na Mfaransa Charles Plumier mwaka 1703 kwa heshima ya Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Montpellier. Kuuliza mbao ya magnolia inafananaje bila kutaja spishi ni sawa na kuuliza mbao ya mkaratusi inafananaje. Jibu la haki huanza na swali: mkaratusi upi?

Wako ni Magnolia grandiflora, nina uhakika wa kutosha. Ni mti wa kijani mwaka mzima, asili yake ni ukanda wa kusini-mashariki, kuanzia Carolina Kaskazini hadi Florida na kuelekea magharibi hadi Texas. Ukitaka kuhakikisha, okota jani lililobaki chini ya kisiki na ulipindue. Mgongoni utakuta vinyweleo vya rangi ya kutu. Hapo shaka inakwisha, na hakuna kipimo cha mbao kitakachokupa jibu la haraka kuliko jani hilo.

Sasa rangi. Ukikata gogo mbichi unaona sehemu mbili: weupe wa nje, chini ya gome, na moyo wa ndani. Weupe ndio unaopandisha maji kwenda kwenye majani, na ndani yake zimo seli hai zinazohifadhi wanga na sukari. Kadiri mti unavyonenepa, seli za ndani hufa moja baada ya nyingine, na kabla ya kufa hugeuza akiba yao kuwa kemikali zinazobaki kwenye kuta za mbao. Kemikali hizo ndizo zinazoupa moyo rangi yake. Katika magnolia yako rangi hiyo ya msingi ni kahawia, nyepesi au nzito, yenye wekundu kidogo sana na ukijani au umanjano mwingi. Huo ukijani ni wa kuzaliwa. Hauna uhusiano na ukungu.

Michirizi myeusi na ya zambarau ina asili nyingine. Mti ukivunjika tawi, ukakwaruzwa na mashine ya kukata nyasi au ukapigwa msumari, hauponi kama ngozi ya mtu inavyopona. Hauwezi kujenga upya mbao iliyoumia. Unachoweza ni kuijengea ukuta: seli zilizo karibu na jeraha hujaa kemikali na madini, na mbao ya eneo hilo hubadilika rangi. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya serikali ya Marekani, alipasua miti mingi sana kuonyesha jambo hili, na alichokionyesha kinakuhusu moja kwa moja: rangi hiyo hupanda na kushuka kufuata nyuzi kama nguzo, lakini haivuki kwenda kwenye mbao mpya iliyoota baada ya jeraha. Kwa hiyo ukiona doa jeusi kwenye ubao, lifuate kwa kidole juu na chini. Mara nyingi litakupeleka kwenye fundo la tawi la zamani au kovu. Miti ya bustanini, iliyokatwakatwa matawi kwa miaka mingi, huwa na michirizi mingi kuliko ya msituni, hata kama ni spishi ile ile na udongo ule ule. Ndiyo maana mbao mbili za Magnolia grandiflora zinaweza kutofautiana kwa rangi kuliko zinavyotofautiana na mbao ya spishi nyingine. Rangi inasimulia zaidi maisha ya mti ule mmoja kuliko ukoo wake.

Kwa patasi yako utaihisi michirizi hiyo. Penye madini mengi makali huisha haraka kidogo, ingawa si kama mvule, ambao unajua jinsi mawe yake ya chokaa yanavyoweza kung'oa meno ya msumeno.

Sasa vipimo vya uozo. Chukua ncha ya kisu, ichomeke kwenye eneo jeusi kwa kina cha milimita 3 hivi, kisha inua kibanzi kufuata nyuzi. Mbao nzima itainuka kibanzi kirefu chenye ncha ndefu na itatoa sauti ya kupasuka. Mbao iliyooza itakatika kifupi, papo hapo ulipoinua, kimyakimya, kama biskuti iliyolowa. Rudia kwenye eneo la kahawia lisilo na michirizi, ulinganishe. Kipimo cha pili ni mizani: kata vipande viwili vya ukubwa sawasawa, tuseme sentimita 5 kwa 5 kwa 20, kimoja cha moyo wenye michirizi na kingine cha moyo safi, vikauke pamoja, uvipime. Cheusi kikiwa na uzito sawa au kuzidi kidogo, ni madini. Kikiwa chepesi waziwazi, kuvu ameshakula.

Tazama pia umbo la rangi. Mchirizi wa madini hunyooka na nyuzi na kingo zake hufifia taratibu. Kuvu wa uozo, kinyume chake, huchora mistari myembamba sana, myeusi, kama ya kalamu, inayotangatanga bila kujali nyuzi na kuzungushia mabaka yaliyopauka. Mbao ya namna hiyo kuna wanaoipenda kwa mapambo, lakini usiitumie penye kubeba uzito. Doa la tatu ni la kibluu-kijivu linalotambaa kwenye ule weupe wa nje. Huyo ni kuvu wa madoa, anakula sukari tu na nguvu ya mbao haipungui sana, ila uzuri unapotea na hauondoki kwa randa. Kwa magogo yako hiyo ndiyo hatari ya kweli kwa sasa, hasa kama lile la pili bado limelala kwenye nyasi na gome lake katika joto la Georgia. Lipasue mapema. Wiki kadhaa za kiangazi zinatosha kuharibu weupe wote.

Umeuliza kuhusu nyuzi, na hapa ndipo magnolia zote zinapofanana. Loanisha mwisho wa ubao, ukate uso mwembamba kwa wembe mpya, uangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Utaona vitundu vidogo sana, vingi, vilivyotawanyika sawasawa katika pete nzima ya mwaka. Mninga unaonyesha vitundu vyake hata bila lenzi, ndiyo maana unahitaji kujazwa kabla ya kupigwa vanishi inayong'aa. Magnolia haihitaji. Mwisho wa kila pete utaona mstari mmoja mwembamba mweupe, kama uzi. Huo ni safu ya seli za akiba zinazofunga msimu wa ukuaji, na ni alama ya jamii nzima ya magnolia. Mionzi inayotoka katikati kuelekea gome nayo inaonekana, myembamba na iliyopauka.

Yale maua, yaani michoro ya nyuzi, utakayopata usoni mwa ubao yanatokana na vitu hivyo viwili. Ukipasua gogo kwa njia ya kawaida, msumeno ukipita kando ya kitovu, ile mistari myeupe inajikunja kuwa matao yaliyopandana, lakini matao ya upole, yanayoonekana vizuri tu mwanga ukija kwa ubavu. Ukipasua kwa robo, uso ukielekea kitovu, matao yanageuka mistari iliyonyooka na mionzi inajitokeza kama vimetameta vidogo. Usitarajie mabaka makubwa ya mgrevilea. Magnolia ni mbao tulivu. Nyuzi zake kwa kawaida zimenyooka, haina lile tatizo la nyuzi zinazopishana zinazofanya mkangazi uchanike chini ya randa, na uzuri wake uko katika kulainika na kung'aa kidogo kama hariri. Anayetaka maua ya kelele atayapata kwenye njia panda ya shina na tawi kubwa, ambako nyuzi hujikunja kama manyoya, au kwenye ile michirizi yako.

Tofauti za spishi basi ziko wapi? Ziko kwenye uzito, ugumu na namna mbao inavyonywea, na kwa kiasi fulani kwenye rangi ya moyo.

Huko uliko, soko la mbao linakusanya spishi tatu chini ya jina moja la magnolia. Ya kwanza ni hiyo yako. Ikikauka hadi unyevu wa asilimia 12 inakuwa na kilo kama 560 kwa mita ya ujazo, na ugumu wa Janka, yaani nguvu ya kukandamiza kigololo cha chuma hadi nusu yake izame, ni nyutoni kama 4,540. Mvule, ili upate mizani kichwani, uko kwenye 5,600 hivi. Ya pili ni Magnolia virginiana, ya kwenye vinamasi na kingo za mito, yenye majani madogo na mgongo mweupe wa fedha. Mbao yake ni kama ya kwako kwa sura, laini kidogo zaidi, nyutoni kama 3,600, na mara nyingi vipande vyake ni vyembamba kwa sababu mti haunenepi sana.

Ya tatu ndiyo inayoleta mkanganyiko wa rafiki yako wa Tennessee. Ni Magnolia acuminata, ambayo Wamarekani huiita mti wa tango kwa kuwa tunda lake changa linafanana na tango. Hii hupukutisha majani, hukua milimani, na ndiyo magnolia pekee inayoota kwa asili hadi Kanada. Moyo wake ni wa manjano-kahawia au kijani-manjano, ugumu nyutoni kama 3,110. Kwa macho ni pacha wa popla ya njano, Liriodendron tulipifera, mti ambao si popla hata kidogo bali ni wa jamii ya magnolia. Popla hiyo ni laini zaidi, nyutoni 2,400 hivi, na nyepesi zaidi, kilo 455. Mahali miti hiyo miwili inapoota pamoja, wapasuaji hawaitenganishi. Inaingia lori moja, inatoka na jina moja. Kwa hiyo mbao za rafiki yako zinaweza kuwa mti wa tango, zinaweza kuwa popla, zinaweza kuwa mchanganyiko. Ukucha wa gumba utakupa fununu: popla inakubali alama kwa urahisi, mti wa tango unabisha kidogo. Uhakika kamili unataka hadubini.

Tofauti inayonigusa zaidi kuliko rangi ni ya kunywea, kwa sababu ndiyo inayoharibu kazi za watu. Magnolia yako, kutoka mbichi hadi kukauka kabisa, hunywea asilimia 5.4 kuelekea kitovu na 6.6 kufuata mzunguko wa pete. Namba hizo ziko karibu, na ukaribu huo ni neema: ubao unapungua upana lakini unabaki umenyooka. Mti wa tango hunywea 5.2 na 8.8. Pengo hilo ndilo linalofanya ubao ujikunje kama ganda la mnazi. Chukua ubao mbichi wa milimita 200 uliopasuliwa kawaida, ukaushe hadi asilimia 8. Wa kwako utapoteza upana wa milimita 10 hivi. Wa rafiki yako utapoteza karibu 13, na usishangae ukikuta umepinda. Mkichanganya mbao zenu kwenye meza moja kwa kuwa jina ni moja, msimu wa kwanza wa baridi utawatenganisha.

Ile ala ya kisu cha Kijapani ni Magnolia obovata, ambayo Wajapani huiita honoki. Moyo wake ni wa kijivu chenye kijani cha zeituni, weupe wake ni wa kijivujivu, na hauna michirizi mikali ya kwako. Ni nyepesi, kilo kama 490, na nyuzi zake ni sawa kiasi kwamba ubao mzima unakatika kwa kisu bila kubadilika kwa upinzani. Wanaitumia kwa ala za panga tangu zamani kwa sababu haina utomvu wa kunata, asidi zake ni chache hivyo haileti kutu, na ulaini wake haukwaruzi makali. Nusu mbili za ala hugundishwa kwa uji wa wali, gundi dhaifu kwa makusudi, ili ala iweze kupasuliwa tena isafishwe ndani. Mimi naona huu ni mfano mzuri wa fundi kuchagua mbao kwa tabia yake na si kwa sura. Grandiflora yako ni ngumu kidogo kwa kazi hiyo na michirizi yake ya madini haifai kukaa karibu na chuma kilichonolewa, ila kwa mpini wa kisu ni nzuri sana.

Kuna pia champaka, Magnolia champaca, ya India, Nepali na Myanmar, ile ambayo maua yake ya njano yanatengenezewa manukato na mashada. Moyo wake ni kahawia-manjano hadi zeituni, na ukipigwa randa kali hung'aa wenyewe kabla ya kupakwa chochote. Huchongwa na kutengenezewa samani. Ukikutana na kabati la zamani la Kihindi lenye mbao ya zeituni ambayo si mtiki na haina mafuta ya mtiki mkononi, champaka iwe miongoni mwa unazozifikiria.

Jambo moja kuhusu rangi hizi zote: hazidumu. Mwanga huzigeuza. Kijani huelekea kahawia, zambarau hufifia na kuwa kahawia nzito. Kabla hujampangia mzee rangi ya marfaa, chukua kibanzi kilichopigwa randa, kifunike nusu kwa karatasi nene, kiache dirishani penye jua wiki mbili. Nusu iliyo wazi itakuonyesha kazi yako itakavyokuwa baadaye. Vanishi yenye kinga ya mwanga itachelewesha mabadiliko, haitayazuia.

Tuje kwenye magogo. Mbao mbichi ya magnolia ina maji mengi, asilimia kama 80 ya uzito wa mbao kavu katika moyo na zaidi ya 100 katika weupe. Ziba miisho ya gogo leo hii kwa nta au rangi nzito ya mafuta, maana maji hutoka haraka zaidi miishoni na nyufa huanzia hapo. Pasua mbao za milimita 30 upate 25 baada ya kukauka na kupiga randa. Kwa marfaa pasua za milimita 50. Kitovu chenyewe kiondoe, usikiache ndani ya ubao wowote, kitapasuka. Zipange juu ya msingi ulioinuka sentimita 40 kutoka ardhini, kivulini, penye upepo, zikitenganishwa kwa vijiti vikavu vya milimita 20 kila baada ya sentimita 40 hadi 50. Vijiti vya tabaka zote vipangwe wima mmoja juu ya mwingine, ubao ukikosa mhimili hapo hapo utajipinda. Juu weka mabati na mawe. Vijiti vibichi huacha alama za kijivu kwenye weupe, alama ambazo randa haizitoi, kwa hiyo usitumie vya gogo hilo hilo.

Mbao za milimita 25 zitahitaji miezi kadhaa, za 50 zaidi ya mwaka. Nje hazitashuka chini ya asilimia 12 au 13 hivi. Ziingize ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kazi. Sehemu kubwa ya Marekani mbao za ndani hutulia kwenye asilimia 8, lakini pwani ya kusini-mashariki ni kama 11. Nunua kipima unyevu cha bei ndogo, kitakulipa kwenye kazi ya kwanza.

Kwa marfaa, chaguo lako ni zuri kuliko unavyodhani. Marfaa ya ubao mmoja, yenye bawaba iliyochongwa ndani ya unene wake, hutegemea vidole vya bawaba ambavyo nyuzi zake zinatoka upande hadi upande bila kukatika. Nyuzi zikipinda, kidole kinavunjika siku unapoifungua mara ya kwanza. Chagua ubao wenye nyuzi zilizonyooka, uliopasuliwa kwa robo kama unao, usio na fundo ndani ya sentimita 10 za eneo la bawaba. Unene wa milimita 40 na vidole vya upana wa milimita 20 au zaidi vitafaa kwa mbao ya ugumu huu. Vyembamba kuliko hapo nisingeviamini. Michirizi myeusi iache iangukie kwenye mabawa, ambako itapamba, na bawaba iwe kwenye moyo safi.

Nakshi zipunguze ukali wake kidogo ukilinganisha na unazochonga kwenye mninga. Mbao laini haishiki vizuri kingo nyembamba. Ukuta wa nakshi wenye upana chini ya milimita 3 utabomoka kwenye mkato wa kukatiza nyuzi. Noa patasi hadi inyoe nywele za mkono, na unoe mara kwa mara, kwa sababu patasi butu hapa haikatai kufanya kazi, inaponda, na huoni kosa mpaka vanishi imeingia. Msasa wa 120, 180, kisha 220 unatosha. Ukitaka kutia rangi ya kahawia nzito, paka kwanza shelaki nyembamba, la sivyo rangi itanyonywa kwa mabaka. Mafuta huupa weupe umanjano. Vanishi ya maji huuacha ulivyo.

Mlango wa mbele ni habari nyingine, na nisingependa kukupa moyo pasipostahili. Moyo wa magnolia hauna ukinzani dhidi ya uozo, na dumuzi na mchwa huupenda. Mvua na joto la Georgia vitaanza kuula kwenye viungo vya chini ndani ya miaka michache, hata ukiupaka rangi. Kwa mlango wa nje wenye nakshi tafuta mtiki, mvule, au mwaloni mweupe wa huko huko. Magnolia ifanyie mlango wa ndani, wa chumba au wa kabati, kwa fremu na paneli inayoelea kwenye mfereji bila gundi. Paneli ya upana wa milimita 300 itapanuka na kunywea karibu milimita 3 unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4, basi acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande.

Kuna mahali maandishi hayatoshi. Mti wa uani mara nyingi umemeza misumari, waya na kulabu za bembea. Kabla ya kulipasua gogo la pili, mpe mwenye msumeno wa mkanda aliye na kigundua chuma, usijaribu kwa msumeno wa mnyororo. Ukikuta unga laini unaomwagika kutoka vitundu vidogo, mbao hizo zitenge na nyingine na uzipeleke kwa mwenye tanuri la kukaushia, umwombe joto lifike nyuzijoto 56 za Selsiasi katikati ya ubao kwa angalau dakika 30. Hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha kuua wadudu katika mbao za kufungashia mizigo. Na kama wewe na rafiki yako wa Tennessee mnataka jibu lisilo na ubishi kuhusu mbao zake, maabara ya mazao ya misitu ya serikali iliyopo Madison, Wisconsin, kwa miaka mingi imewatambulia wakazi wa Marekani sampuli chache kwa hadubini; ulizeni kwanza kama bado inazipokea. Tumeni kipande cha moyo safi, kikavu, kisicho na rangi wala vanishi, ukubwa wa kiberiti hadi kiganja, na kama mti bado umesimama ambatanisheni jani lake.